Maonyesho Mawili ya Bibi Nyundo

Maonyesho yale yalianza kwa sababu ya mvua. Wasomaji walikuwa wamepanga foleni nje ya kiwanda kidogo cha uchapaji wakingojea toleo jipya la Bibi Nyundo, kitabu cha katuni, mara mawingu yakafunguka bila kumwonea mtu haya. Mke wa mchapaji, ambaye kazi yake ilikuwa kukunja kurasa na kuzipiga pini, na ndiyo maana kila mtu alimwita Mama Pini, akawafungulia mlango.

"Ingieni," aliwaambia, "ila mtu asiketi juu ya karatasi nyeupe."

Wakaketi juu ya karatasi nyeupe. Walikuwa wanafunzi, makarani, mshonaji mmoja aliyeacha duka wazi, na muuguzi ambaye bado alikuwa na sare yake. Wakati wakingoja wino ukauke walianza kutoa matoleo ya zamani mifukoni na kubadilishana. Mmoja akabishana na mwenzake kama Bibi Nyundo angeweza kuvunja mlango wa benki. Sauti zikapanda, vicheko vikajaa, na mvua ilipokatika hakuna aliyetaka kuondoka.

Mchoraji wa kitabu alikuwa humo humo, amejificha nyuma ya mashine. Alikuwa mdogo wake Mama Pini, mwanamume mwembamba mwenye haya nyingi, ambaye vidole vyake havikuwahi kutakata, kwa hiyo tangu utotoni waliomzoea walimwita Wino. Wasomaji walipojua yupo, walimwita hadi akatoka, kikombe cha chai mkononi amekishika kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa. Muuguzi akampa mkono. Wino akamwangalia, akasema, "Pole na kazi," basi, maneno yakamwishia.

Bibi Nyundo alikuwa mzee wa kubuni, aliyeziba masufuria mchana na jioni akavunja milango ya wanyang'anyi na wenye nyumba wakorofi. Lakini kilemba chake, mabega yake, na ile namna yake ya kusema "Sogea nipite" vilikuwa vya mama yao wawili hao, mzee wa kweli, fundi masufuria, aliyekuwa akigonga vyuma nyuma ya nyumba yake si mbali na kiwanda. Mama hakuwa mtu wa vitabu. Mara ya kwanza alipoonyeshwa kile cha mwanawe alitazama picha kwa makini, akasema, "Pua hii si yangu," akarudi kwenye sufuria.

Mchapaji, mume wa Mama Pini, alikuwa mtu wa mipango. Siku ile ya mvua wengine waliona watu waliolowa, yeye aliona umati. Mwaka uliofuata, tarehe ile ile, aliomba bwalo la shule ya jirani, akapanga meza, akabandika matangazo: Maonyesho ya Bibi Nyundo. Watu wakaja. Mwaka wa pili wakaja zaidi, na wachoraji wengine wakaleta vitabu vyao, vyenye michoro ya majini, ya mapolisi, ya paka wanaoongea. Mwaka wa tatu yakaanza mashindano ya kuvaa kama Bibi Nyundo. Mshindi alikuwa dereva wa lori mwenye ndevu hadi kifuani, na alipokabidhiwa nyundo ya mbao alilia machozi ya kweli.

Mwaka huo ndipo Mama mwenyewe alipokuja kuona wanawe wanafanya nini. Alikuja na kilemba chake na aproni yake ya kazi. Kijana wa mlangoni akamzuia. "Bibi, walioingia mashindanoni wanapita mlango wa nyuma."

"Mimi sijaingia mashindano yoyote."

"Mbona umevaa hivyo?"

"Ulitaka nivae vipi?" Mama akamjibu. "Sogea nipite."

Bwalo zima likashangilia. Walidhani ni igizo. Wino alicheka siku hiyo mpaka akaegemea ukuta, na Mama Pini hakumbuki kumwona ndugu yake akicheka vile tena.

Miaka ilipita hivyo, na ilikuwa miaka mizuri. Mchapaji alinunua mashine ya pili. Mama Pini aliajiri wasichana wawili wa kumsaidia kukunja. Shemeji na shemeji walikuwa chanda na pete: mmoja akisema, mwingine akinyamaza, kila mmoja akiona mwenzake ndiye anayemfaa. Jumapili wote walikula kwa Mama, na Mama aliwagombeza wote bila upendeleo.

Kisha Mama akaugua. Ilianza kwa kikohozi, ikawa miguu kuvimba, ikawa kitandani. Maonyesho yalipokaribia alikuwa hali kitu tena ila uji, lakini daktari alisema bado ana nguvu, na wao walipenda kumwamini daktari. Asubuhi ya siku yenyewe Wino alikataa kwenda.

"Nitabaki naye," alisema.

"Watu wanakuja kukuona wewe," mchapaji alimwambia.

"Wanakuja kumwona Bibi Nyundo. Na yuko hapa."

Mama Pini alisimama mlangoni mwa chumba, mkoba begani. Kulikuwa na toleo maalumu la siku hiyo ambalo lilikuwa halijapigwa pini nusu yake, na wasichana wake hawakuweza peke yao. Aliingia, akamrekebishia mama yake mto, akasema, "Nitarudi mapema, Mama." Mama alikuwa amefumba macho, akatikisa vidole kumwambia nenda.

Alikaa bwaloni nyuma ya meza ya vitabu, akipiga pini na kuuza, akipiga pini na kuuza. Ulikuwa mwaka wa watu wengi kupita yote iliyotangulia. Mchana alimwona mumewe jukwaani ameziba sikio moja kwa kidole, simu kwenye lile lingine, nyuma yake watu wakipiga makofi. Akafikiri ni mtu wa vipaza sauti. Mchapaji aliweka simu mfukoni, akaendelea kutaja washindi. Zawadi zilipokwisha kutolewa, picha zikapigwa, na mgeni wa heshima akasindikizwa hadi kwenye gari lake, ndipo alipomjia mkewe mezani.

"Twende nyumbani," alisema. "Mama anakuita."

Walipofika, mlango ulikuwa wazi na majirani wamesimama uani. Wino alikuwa ameketi kwenye kiti cha kufanyia kazi cha Mama, kile kifupi, magoti yakimgusa kidevu.

"Nilipiga simu mchana," alimwambia dada yake. Hakupandisha sauti. "Nilimwambia mumeo kwamba Mama anakuita. Alikuita mara nyingi."

Mama Pini akageuka. Mumewe alikuwa anaangalia chini.

"Ukumbi ulikuwa umejaa," mchapaji alisema. "Nilidhani kuna muda."

Mazishi ya Mama yakafanyika, watu wakatoa pole, na nyumbani kwa mchapaji maisha yakaendelea kwa sababu hakuna aliyejua kuyasimamisha. Mama Pini alipika, akafua, akapiga pini. Alimsemesha mumewe yaliyo lazima. Usiku aligeukia ukutani. Alitaka kumuuliza Wino mambo mengi: Mama alisema nini, aliumwa sana, alijua kwamba binti yake hayupo kwa sababu gani. Lakini Wino alijifungia kwake akichora, na mtu akigonga alijibu, "Bado."

Alitoka baada ya miezi miwili, amekonda, na bahasha kubwa kwapani. Alikuja kiwandani asubuhi, mashine zikiwa bado hazijawashwa. Akaweka kurasa juu ya meza ya mashine ya kukatia, wala hakumsalimu shemeji yake.

"Toleo jipya," alisema.

Mama Pini akasogea. Kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na kitanda, dirisha, na sufuria iliyotundikwa ukutani. Kwenye wa pili, Bibi Nyundo amelala, na kwa mara ya kwanza pua ilikuwa pua ya mama yao hasa. Kabla hajafika wa tatu mumewe alikuwa ameuchukua mkusanyo wote na kuanza kuupekua haraka haraka, kwa kidole gumba, kama anavyokagua kazi ya mteja. Akafika katikati, akasimama. Mama Pini aliona kwa juu ya bega lake: mwanamume jukwaani, simu sikioni, nyuma yake watu wanapiga makofi.

"Anakufa?" mchapaji aliuliza.

"Ameshakufa."

"Nasema Bibi Nyundo."

"Na mimi nasema huyo huyo."

"Shemeji, huwezi kumuua. Nina karatasi za mwaka mzima hapa. Nina watu wanaomsubiri."

"Hata Mama alikuwa akimsubiri mtu."

Mchapaji alitweta. Uso wake ulikuwa umebadilika, si wa hasira tu, ni wa mtu aliyevuliwa nguo mbele ya watu. Akazisukuma kurasa chini ya kisu cha mashine, akavuta mkono wa chuma. Kisu kile kilikata rimu nzima ya karatasi kwa pigo moja. Kurasa chache za mchoraji hazikukisumbua. Akasogeza, akavuta tena. Akasogeza, akavuta. Zilipokuwa vipande vyembamba kama tambi, ndipo alipouachia mkono wa chuma.

"Jamani!" Mama Pini alisema. Ndilo neno pekee lililomtoka.

Wino hakupiga kelele. Alimtazama dada yake, akingoja kitu kingine kutoka kwake. Hakikuja. Akakunja bahasha tupu, akaitia mfukoni, akaenda zake. Vipande vikaanguka kwenye gunia la takataka pamoja na mabaki ya kazi nyingine, na wanunuzi wa karatasi chakavu walipopita punde baadaye walichukua gunia kama walivyochukua siku zote. Mama Pini alikuwa nyuma akinawa uso. Aliporudi, halikuwepo.

Mchapaji alimtafuta mchora mabango ili aendeleze Bibi Nyundo. Kijana huyo alijua kazi yake, lakini alimchora Bibi Nyundo akiwa na misuli ya mpiga ngumi na kiuno cha mwanamitindo. Wasomaji wakanung'unika. Wengine wakaendelea kununua kwa mazoea, wengine wakaandika maneno makali. Tarehe ya maonyesho ilipofika, ng'ambo ya barabara, kwenye ghala la mbao lililokuwa tupu, palitundikwa kitambaa kilichoandikwa kwa mkono ambao mtaa mzima ulikuwa unaujua: Maonyesho ya Vitabu vya Katuni. Chini, kwa herufi ndogo: Hapa hauzwi Bibi Nyundo.

Ndivyo mji mmoja ulivyopata maonyesho mawili siku moja, barabara moja ikiyatenganisha. Marafiki waliokuja pamoja waliachana langoni. Yule muuguzi wa siku ya mvua, ambaye sasa alikuwa na miwani na watoto, alisimama katikati ya barabara hadi dereva akampigia honi. Kila upande ulikuwa na mashindano yake na watu wake wa kusengenya upande wa pili. Mwanzoni ilionekana kama mchezo. Baadaye wachoraji wengine walichoka kuulizwa wako kwa nani, wakaacha kuja kabisa.

Kila mwaka, mchana, Mama Pini alivua aproni yake bwaloni, akavuka barabara, akapanga foleni ghalani. Mumewe alimwona na hakumzuia. Wino alikuwa mlangoni mwenyewe akikata tiketi.

"Karibu, mama," alimwambia, kama anavyomwambia mwanamke yeyote wa makamo.

"Wino, ni mimi."

"Meza za vitabu vya watoto ziko kushoto. Anayefuata!"

Naye akaingia, akazunguka, akanunua kitu asichokihitaji, akatoka. Mwaka uliofuata akarudi tena. Mara moja alijaribu kumwekea mkono begani, na Wino akausogeza taratibu, bila chuki, kama mtu anavyoondoa koti lililoanguka juu yake. Siku hiyo Mama Pini alirudi bwaloni akaketi kwenye stoo ya madawati mpaka wasichana wakaja kumtafuta.

Wasomaji wakapungua pande zote mbili. Vijana wapya walisoma kwenye simu zao, na wale wa zamani walikuwa na mambo yao. Bwaloni meza zilipangwa zikiwa zimeachana ili pasionekane patupu. Mchapaji aliuza mashine ya pili, kisha mapafu yakaanza kumsumbua. Alikuwa akikaa kitandani ameegemezwa mito, akihema kwa sauti ya filimbi, na mkewe akimuuguza bila kukosea dawa hata moja. Mama Pini aliapa kwamba huyu hatakufa yeye akiwa mahali pengine.

Alasiri moja mchapaji akamwambia, "Ningekwambia pale pale, ungewahi?"

Mama Pini alikuwa akimkanda miguu. Hakuhitaji kuuliza anasema nini.

"Ningewahi," alisema.

Mchapaji akafumba macho. Mkewe akaendelea kumkanda. Baada ya muda mumewe alisema, "Niliogopa watu watatoka wote," kisha, "Kile kisu sikujua nakivuta," kisha hakusema tena jambo hilo mpaka alipokufa. Mama Pini alikuwepo, mkono wake ndani ya wa mumewe. Hakujua amesamehe au hakusamehe. Alijua tu kwamba amechoka.

Wino alikuja mazikoni. Alisimama nyuma kabisa pamoja na madereva, na kabla watu hawajatawanyika alikuwa ameshaondoka.

Mwaka ulipozunguka, Mama Pini alikwenda ghalani kabla ya siku yenyewe. Alimkuta ndugu yake juu ya ngazi akiweka ndoo chini ya paa linalovuja. Nywele zilikuwa zimemwisha utosini. Hakumwita mama.

"Umekuja mapema," alisema.

"Tufanye moja. Bwalo tayari nimeshaliomba."

Wino alishuka ngazi polepole, akishika kila kidato. Akapangusa mikono. "Sawa. Hapa panavuja."

Basi. Miaka yote ile, na ikawa neno hilo tu. Mama Pini alitembea kurudi nyumbani akiwa na hasira kuliko furaha.

Maonyesho ya pamoja yalifanyika Jumamosi yenye jua. Walikuja watu wachache, wengi wao wenye mvi, na walisalimiana kwa sauti za chini kama waliokuja kumwona mgonjwa. Dereva wa lori alikuja na ndevu nyeupe, akitembelea fimbo. Hapakuwa na mashindano. Hakuna aliyekumbuka kuyapanga. Wino alikaa kwenye meza ya dada yake, na watu walimletea vitabu awasainie. Mmoja alimletea toleo la mchora mabango, bila kujua au bila kujali. Wino alimtazama yule mwanamke mwenye misuli, akasaini.

Mchana, palipokuwa hakuna mtu mezani, Mama Pini akasema, "Nataka kukuuliza."

"Uliza."

"Zile kurasa. Mbili za kwanza niliziona. Niambie zilizobaki."

Wino alikuwa akiifunika kalamu na kuifunua.

"Sizikumbuki, dada."

"Usinifanyie hivyo. Niadhibu kwa kitu kingine."

"Sikuadhibu. Zamani nilikuwa nakuadhibu, ndiyo, na ilinipendeza. Sasa hapana." Akamgeukia. "Nilichora ili nisiwe ninabeba kichwani. Kila alilolisema nililiweka kwenye karatasi, mle mle, na nikaliacha. Zilipokatwa nikaenda nyumbani nichore upya. Nikakaa na karatasi. Hakikuja kitu. Mwaka mzima nilijaribu. Kuna wakati nilidhani nimekumbuka, kumbe nabuni. Nikaacha."

"Hata neno moja?"

"Alikuita. Hilo unalijua. Na alinigombeza kuhusu viatu, kwamba nimeingia navyo chumbani. Nikavivua. Nilikuwa pekupeku alipokata roho." Akafikiri, uso umejikunja kwa jitihada. "Hilo la viatu nina hakika nalo. Mengine siwezi kuapa."

Mama Pini alitaka kupiga meza. Alitaka kumwambia kwamba yeye ndiye angekumbuka, kwamba angekumbuka yote, kila kikohozi. Badala yake alijikuta akitazama miguu ya ndugu yake chini ya meza, viatu vyeusi vya zamani, kamba moja imefungwa kwa fundo juu ya fundo, na kilio kikamtoka hapo hapo mbele ya vitabu. Wino hakumsogelea. Lakini hakuondoka pia. Dereva wa lori, aliyekuwa anakuja na kitabu mkononi, aliwaona, akageuza fimbo yake akaelekea kwingine.

Walifunga kabla ya jioni. Walikunja meza wao wawili, kila mmoja upande wake, wakazibeba hadi stoo. Mlinzi wa shule alipowauliza kama mwaka ujao waweke tena tarehe ile ile, walitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake ajibu.

"Hapana," Mama Pini alisema.

Maonyesho hayakufanyika tena. Wachache walipiga simu, Mama Pini akawaambia yamekwisha, wakasema pole kama kwa msiba. Siku hizi Wino hula kwa dada yake Jumapili. Hufika adhuhuri, akapangusa miguu mlangoni, akaketi. Huzungumza juu ya bei ya dawa, magoti, na ghala lililouzwa ambalo mmiliki mpya analiezeka upya. Akimaliza kula huosha sahani yake, akamuuliza dada yake kama kuna kitu kinataka kutengenezwa. Mara nyingi hakuna. Mama Pini humsindikiza hadi getini, akarudi ndani, akakaa na kazi yake ya kushona.